Gari la gesi linaokoa fedha, saa za familia je?

Ukitafuta kituo cha gesi ya magari Dar es Salaam wakati wa usiku, huna haja ya kuuliza njia. Kwanza utaona bajaji zimepangana kando ya barabara, taa zimezimwa, dereva mmoja amekaa juu ya ndoo, mwingine amelala kiti cha abiria miguu ikining'inia nje. Fuata mstari huo. Utapita duka la dawa lililofungwa, geti la gereji, mama anayepika chapati na muuza kahawa mwenye birika lake. Pembeni ya bajaji utakuta mstari wa pili, wa IST, Passo, Noah na Alphard, na mbele kabisa taa nyeupe za kituo.

Nilizunguka maeneo hayo kwa siku mbili na usiku mmoja. Nilianzia Kimara, nikashuka na Barabara ya Morogoro mpaka Ubungo, nikakata Sam Nujoma kuelekea Mwenge, na siku ya pili nikaenda upande wa Tazara. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, siyo za magari. Kilichonipeleka huko ni swali ambalo kina mama wamekuwa wakiniuliza kila ninapokwenda kliniki za watoto kutafuta habari nyingine: “Dada, hivi hizi bajaji za mtungi ni salama kumpakia mtoto?”

Nilitegemea kurudi na jibu moja kuhusu mtungi. Nimerudi na mawili, na la pili linahusu usingizi.

Kutoka kisiwani hadi Ubungo

Gesi inayouzwa vituoni imesafiri mbali. Sehemu yake inatoka Songo Songo, kisiwa kilichopo Kilwa mkoani Lindi, ambako iligunduliwa mwaka 1974. Ilikaa ardhini miaka 30. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba linalopita chini ya bahari, kisha nchi kavu hadi Ubungo. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba jingine kubwa kutoka Mtwara, linaloleta pia gesi ya Mnazi Bay.

Kiasi kikubwa cha gesi hiyo huendesha mitambo ya umeme. Ukipita juu ya daraja la Kijazi ukaona nguzo na nyaya nene za umeme upande wa Ubungo, ujue sehemu ya taa za nyumbani kwako inaanzia kwenye bomba hilo. Kiasi kidogo kinapelekwa vituoni, kinashindiliwa na kuuzwa kwa kilo kwa ajili ya magari. Hiyo ndiyo wengi wanaiita CNG.

Neno “kushindilia” lina uzito wake. Tairi la gari dogo hujazwa upepo kwa mgandamizo wa zaidi kidogo ya mara mbili ya hewa tunayovuta. Mtungi wa gesi ya gari hujazwa hadi kufikia mara 200. Ndiyo maana ni chuma kinene, na ndiyo maana mtungi wa lita 60, ambao tupu huzidi kilo 50, hubeba takribani kilo 10 tu za gesi.

Hapa inabidi nitenganishe vitu viwili ambavyo wazazi wengi niliozungumza nao waliviona ni kimoja. Gesi ya jikoni siyo gesi ya gari. Ile ya jikoni ni mchanganyiko wa propani na butani, ambao ukibanwa kidogo tu unageuka maji. Ukitikisa mtungi mdogo unayasikia yakicheza ndani. Gesi asilia ya Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa, na haigeuki maji kwenye mtungi wa gari hata ikibanwa namna gani.

Propani nayo huendesha injini, na duniani inafanya hivyo kwa miaka mingi. Mashine nyingi za kunyanyulia mizigo kwenye maghala ya nje hutumia propani. Marekani wapo hata wapenzi wa magari ya kupanda miamba waliobadili injini zao kutumia gesi hiyo, kwa sababu kabureta ya petroli hufurika au hukosa mafuta gari linapoinama sana, wakati propani huingia kwenye injini ikiwa mvuke tayari. Lakini hayo hufanyika kwa mitungi, valvu na vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtungi wa jikoni kufungwa kwenye bajaji, au mtungi wa gari kupelekwa jikoni, ni kucheza na maisha ya watu.

Tofauti nyingine inamhusu zaidi mwenye mtoto mdogo. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja hushuka, ikajikusanya sakafuni, palepale mtoto anapotambaa. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Kwa bajaji iliyo wazi pande zote, huo ni unafuu. Kwa buti la gari lililofungwa, siyo unafuu sana.

Chini ya boneti

Karakana niliyoitembelea ni ua wenye paa la mabati, upande mmoja bajaji tatu, upande mwingine IST ya rangi ya fedha imefunguliwa boneti. Mwenye IST ni baba wa watoto wawili, anakaa Mbezi na anafanya kazi Posta. Alikuwa amekaa kwenye benchi, simu mkononi, akijibu ujumbe wa mkewe aliyekuwa akiuliza kama buti litabaki na nafasi.

Fundi, kijana aliyesomea ufundi magari chuoni, alinionyesha kazi yake hatua kwa hatua. Injini haibadilishwi. Inaongezewa njia ya pili ya kula. Bomba jembamba la chuma linatoka kwenye mtungi nyuma, linapita chini ya gari hadi mbele. Huko gesi inaingia kwenye kifaa cha kupunguza mgandamizo, kisha inapelekwa kwenye vinozeli vidogo, kimoja kwa kila silinda. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua kiasi cha gesi kinachoingia. Kwenye dashibodi kunawekwa swichi: petroli au gesi.

“Asubuhi utawasha kwa petroli, kaka,” alimwambia mteja wake. “Likipata joto litahamia lenyewe kwenye gesi.”

Nilimuuliza kwa nini. Gesi iliyobanwa ikiachiwa ghafla hupoa sana, akanieleza, kama chupa ya dawa ya kuua mbu inavyopoa mkononi ukiipuliza kwa muda. Maji ya moto ya injini hupitishwa kwenye kile kifaa cha kupunguza mgandamizo ili kisigande. Injini ikiwa baridi, maji hayo hayajapata moto. Kwa hiyo mwenye gari la gesi bado anatakiwa kuwa na petroli kwenye tangi, na anayeiacha ikauke anaharibu pampu.

Nyuma ya gari ndiko familia inakoguswa. Mtungi ulikuwa umelazwa ndani ya buti, umekazwa kwa mikanda miwili ya chuma na boliti zilizopenya hadi chini ya bodi. Nafasi iliyobaki inatosha begi la shule na mfuko wa sokoni. Kigari cha mtoto mchanga hakiingii. Baba yule aliangalia, akapiga picha, akamtumia mkewe. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi, akacheka peke yake. Hakunionyesha.

Kitu ambacho fundi alikisisitiza bila kuulizwa ni maandishi yaliyogongwa kwenye shingo ya mtungi. Pale panasomeka namba ya mtungi, mgandamizo unaoruhusiwa na tarehe ya kutengenezwa. Mtungi wa gari una umri. Ukifika mwisho unatolewa, hata kama unang'aa. Na kabla ya hapo, kila baada ya miaka michache, kulingana na kiwango kilichotumika kuutengeneza, unatakiwa kupimwa upya na wenye vifaa vya kupimia.

“Mtu anakuja na mtungi ameununua kwa mtu, umepakwa rangi mpya, maandishi hayaonekani,” alisema. “Huo siufungi, hata akinipa hela mara mbili. Nina watoto na mimi.”

Kazi hii inafanywa na taasisi na karakana kadhaa jijini. Chuo cha DIT, pale Morogoro Road inapokutana na Bibi Titi, ni miongoni mwa waliotangulia. Lakini kila biashara inayoshamiri huvutia wa pembeni, na wa pembeni huwa na bei ya chini.

Saa tano usiku kituoni

Kituo nilichokaa usiku sitakitaja, kwa kuwa foleni hii siyo yake peke yake. Nilifika saa tatu. Dereva wa bajaji niliyeungana naye alikuwa amefika saa mbili kasoro. Tulikuwa na bajaji nyingi mbele yetu, sikuweza kuzihesabu kwa sababu mstari ulikunja kona.

Foleni ya gesi ina maisha yake. Kuna anayeuza maji na karanga. Kuna anayechaji simu za watu kwa betri ya bajaji yake. Kuna kijana anayelipwa elfu moja kusogeza chombo chako wakati wewe umelala. Kila baada ya dakika kadhaa sauti inaita kutoka mbele, “Sogeaaa!”, na mstari mzima unaamka, unasukuma bajaji kwa mkono hatua nne au tano, unalala tena. Wengi hawawashi injini kabisa. Wamekuja kujaza, hawataki kumaliza kilichobaki.

Mbele kwenye pampu kuna utaratibu mmoja ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Abiria wote wanashuka. Hakuna kubaki ndani, hata mtoto aliyelala. Wakati wa kujazwa ndipo mtungi na mabomba yanapopokea mgandamizo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na kama kuna kasoro, hapo ndipo ina nafasi kubwa ya kujitokeza. Nilimwona dada mmoja ameshuka kwenye Noah na mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, wakasogea hadi ukutani, mtoto mkubwa akilalamika baridi. Mumewe alibaki amesimama kando ya gari mpaka mhudumu alipochomoa bomba. Walikuwa wakitoka msibani Kibaha, akaniambia, na gesi ilikuwa imebaki kidogo.

“Ningekuwa peke yangu ningeenda sheli nijaze petroli nilale,” alisema yule baba. “Lakini ukishazoea bei ya gesi, petroli inauma.”

Inauma kweli. Hebu tuhesabu, kwa mfano tu. Gesi niliikuta ikiuzwa Sh1,550 kwa kilo. Petroli bei yake inabadilika kila mwezi EWURA inapotangaza. Tuchukue Sh2,900 kwa lita. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likitembea kilomita 60 kwa siku, linakula lita tano, yaani Sh14,500. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takribani lita 1.4 za petroli. Safari hiyohiyo inahitaji kilo tatu na nusu hivi, karibu Sh5,500. Umeokoa Sh9,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi, ni Sh234,000. Kama ulilipa Sh2 milioni kufunga mfumo, ndani ya miezi tisa umerudisha fedha yako.

Kwa familia ya mshahara wa kawaida, Sh234,000 ni ada, ni bima, ni chakula cha wiki kadhaa. Sitashangaa mtu akiniambia gesi imemrudishia mtoto shule. Nafuu hiyo ni ya kweli, na ni kubwa.

Sasa tuhesabu upande wa pili, ambao mafundi hawauandiki kwenye karatasi ya bei. Mtungi wa kilo 10 kwa gari hilohilo hautoshi siku tatu kamili. Kwa mwezi utajaza mara tisa. Ukikaa foleni saa tatu kila mara, ni saa 27. Hiyo ni zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, kila mwezi, uliyokaa kando ya barabara. Ukigawanya ile nafuu kwa saa hizo, umejilipa kama Sh8,600 kwa saa.

Wapo ambao kwao hiyo ni biashara nzuri, wala sitawaambia vinginevyo. Lakini saa hizo 27 zinatolewa wapi? Hazitolewi ofisini. Zinatolewa kwenye chakula cha usiku, kwenye kukagua daftari la mtoto, kwenye kumwogesha mdogo, na mwisho kabisa kwenye usingizi. Mzazi anayebaki nyumbani, ambaye mara nyingi ni mama, ndiye anayezijaza kwa kazi yake. Nafuu inaonekana kwenye simu ya mmoja. Saa zinalipwa na wawili.

Dereva wa saa kumi na moja

Yule dereva wa bajaji niliyekaa naye alijaza saa saba kasorobo usiku. Alilipa, akanipa mkono, akaniambia anakwenda Kimara kulala.

“Unaamka saa ngapi, kaka?”

“Saa kumi na nusu, dada. Saa kumi na moja nabeba watoto wa shule. Watano, wa nyumba tatu. Wazazi wao wananiamini.”

Alikuwa ameamka saa kumi na nusu alfajiri iliyotangulia pia. Yaani alipokuwa akiniaga alikuwa macho kwa zaidi ya saa 20, na alikuwa na saa tatu tu za kulala kabla ya kuwapakia watoto watano na kuingia Barabara ya Morogoro gizani.

Hapa ndipo kazi yangu ya habari za afya inapoingia. Tafiti zilizopima uwezo wa watu waliokosa usingizi zilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 huitikia mambo polepole, kwa kiwango kinachofanana na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Katika nchi nyingi hicho ni kiwango ambacho dereva akikutwa nacho anawekwa ndani au anatozwa faini. Usingizi hauna harufu mdomoni. Askari hana kifaa cha kuupima. Na dereva mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu ubongo uliochoka hupoteza pia uwezo wa kujipima. Mtu anaweza kusinzia kwa sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi, na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 30.

Mama wa kliniki aliponiuliza kuhusu mtungi, alikuwa na sababu ya kuuliza. Lakini baada ya usiku ule, kama ningekuwa na mtoto kwenye bajaji ile, swali langu la kwanza lingekuwa lingine: jana umelala saa ngapi?

Simlaumu dereva. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo kila siku, na gesi ndiyo inayomwezesha kubaki na kitu mfukoni. Akijaza mchana anapoteza abiria, kwa hiyo anajaza wakati abiria wamelala. Anachopunguza ni kitu pekee ambacho hakina mdai.

Wazazi ndio wenye uwezo wa kubadilisha hesabu hii, kwa sababu ndio wateja wake wa uhakika. Kwenye mtaa mmoja wa Kimara nilikuta nyumba nne zilizofanya jambo rahisi. Zimekubaliana na dereva wao kwamba siku ambazo hakupata gesi mapema, asiende foleni ya usiku. Atawapeleka watoto kwa petroli, na wazazi watachangia tofauti ya bei. Tofauti hiyo, wakigawana, haifiki elfu moja kwa nyumba. Wanaiita “hela ya usingizi”.

Na mtungi wenyewe?

Nisiondoke bila kujibu swali lililonipeleka. Mtungi halali, uliofungwa na fundi anayejua kazi, na unaokaguliwa, siyo bomu. Chuma chake ni kinene kuliko cha tangi lolote la petroli, na methani inahitaji joto kubwa zaidi ya petroli ili kuwaka yenyewe. Tena huwaka tu ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiwango maalumu, kati ya asilimia 5 na 15. Hatari inaongezeka pale mtungi unapokuwa wa zamani kupita umri wake, una kutu, umegongwa kwenye ajali ukarudishwa bila kupimwa, au ulitengenezwa kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi dereva mtoto wako, au kabla ya kumlipa fundi wa gari lako, angalia na uulize. Mtungi una maandishi yanayosomeka? Umekazwa kwa mikanda ya chuma, au kwa kamba na mpira? Kuna karatasi ya aliyeufunga, yenye tarehe na namba ya mtungi? Ulipimwa lini mara ya mwisho? Dereva mwenye chombo safi hachukii maswali hayo. Niliwauliza saba, watano walinionyesha mtungi kwa fahari kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Kama gari la gesi ni lenu nyumbani, usilale kwenye hewa ya moshi wake. Gesi asilia inatoa masizi machache sana ukilinganisha na dizeli, na hilo ni jema kwa mapafu ya watoto wanaotembea kando ya barabara zetu. Lakini injini yoyote, hata ya gesi, hutoa kaboni monoksaidi, na iliyofungwa vibaya hutoa nyingi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Usiache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa, au chini ya dirisha la chumba cha watoto. Watoto wakilalamika kichwa na kichefuchefu pamoja ndani ya gari, simamisha, washushe wapate hewa, kisha wapeleke kituo cha afya. Wao huvuta pumzi haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema.

Ukisikia harufu ya gesi ndani ya chombo, zima injini, shuka na watoto, fungua milango, sogea mbali. Usiwashe kiberiti wala sigara, na simu ipige ukiwa umeshasogea. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ifundishe kwa mtoto anayejua kusoma tarakimu. Na ukiwa kituoni, shuka na wote, hata kama mvua inanyesha na mdogo amelala.

Vituo vinaongezeka. Kando ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu, TPDC imejenga kituo mama kinachoshindilia gesi pia kwa ajili ya vituo vingine, na kadiri vitakavyozidi, foleni itapungua. Mpaka hapo, kama mumeo au mkeo amekuja na wazo la kufunga gesi, msikubali wala msikatae siku hiyohiyo. Kaeni na daftari, mpige mistari mpate safu mbili. Moja andikeni shilingi, kama tulivyohesabu hapo juu, kwa kilomita zenu wenyewe. Nyingine andikeni saa: tutajaza mara ngapi, siku gani, nani atakwenda, na nani atabaki na watoto. Safu zote mbili zikikaa sawa, tafuteni fundi mwenye karatasi. Ile ya saa ikikataa, jaribuni kwanza kujaza Jumamosi asubuhi na kutumia petroli siku zilizobaki. Mfumo una swichi, na swichi imewekwa kwa ajili hiyo.